Anyongwe na Nani

Saluni ya Mama Kitana ilikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni na redio isiyozimwa. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa sababu kitana hakikumtoka kichwani: akiwa jikoni amekichomeka nyweleni, akiwa msibani amekichomeka nyweleni. Ulimi wake nao ulikuwa na meno, na wanawake wa mtaa ule walikuja kwake kusukwa na kusikia maneno kwa mkupuo mmoja.

Mwaka ule maneno yote yalikuwa ya mtu mmoja, Fundi Bomba.

Hapakuwa na asiyemjua. Karibu nyumba zote za mtaa ule alizifungia mabomba yeye. Siku moja Mshonaji, mama aliyeweka cherehani yake kwenye kibaraza kinachotazamana na saluni, alimwita akamtengenezee sinki nyumbani. Mshonaji mwenyewe alibaki kazini. Nyumbani alikuwepo binti yake wa pekee, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Fundi Bomba alimtendea alivyomtendea, kisha akamkaba koo mpaka roho ikatoka. Alipomaliza, akambeba hadi juu ya paa, akamtumbukiza ndani ya tangi la maji na kurudisha kifuniko. Jioni akaungana na majirani kumtafuta. Alipaza sauti kumwita kwa jina kuliko wote.

Siku zote hizo za kutafuta, Mshonaji alikuwa akifungua bomba lake, akipika, akinywa, akiwatengea chai waliokuja kumpa pole. Mpaka maji yakaanza kunuka.

Mama Kitana alikunywa ile chai. Vikombe viwili, na cha pili alikiomba mwenyewe. Tangu siku ile kila aliposhika kikombe cha chai koo lilikaza, na kila lilipokaza alimwona Fundi Bomba akining'inia, na kule kumwona kulimpa nafuu kidogo. Kwa hiyo mahakama ilipomhukumu kunyongwa, yeye ndiye aliyeongeza sauti ya redio na kufungua mlango ili hata wapita njia wasikie.

"Anyongwe!" alisema Mama Mkaa, aliyekuwa akifumuliwa nywele. "Na wamnyonge polepole."

"Watamnyonga lini sasa?" akauliza Karani, dada wa benki aliyependa kupinga kwa kuwa alisoma. "Hii nchi kitanzi chake kimeota kutu. Wanahukumiwa, wanalishwa bure, wanazeeka, wanakufa kwa kisukari."

Hapo alisema kweli. Lakini mara hii wakubwa walikuwa wameudhika, au walikuwa wanataka kura, mambo mawili ambayo sura zake zinafanana. Zikapita wiki, redio ikatangaza kwamba hukumu itatekelezwa. Kasoro ilikuwa moja tu: mnyongaji wa mwisho alikuwa ameshajifia kitambo, kwa uzee, kitandani kwake. Ikabidi atafutwe askari wa kujitolea. Haukupita muda, redio ikasema amepatikana, ila jina lake ni siri.

Saluni ililipuka kwa vigelegele.

"Mungu ampe maisha marefu mtu huyo!" alisema Mama Mkaa.

"Mimi mkewe nitamsuka bure," Mama Kitana akasema, kitana mdomoni. "Mwambieni aje. Namsuka mpaka anachoka."

Wakacheka. Ng'ambo ya barabara Mshonaji aliinua uso, akawatazama, akarudi kwenye sindano yake.

Mume wa Mama Kitana alikuwa askari magereza, na watu walimwita Sajini, kwa sababu alipewa cheo hicho ujanani na akabaki nacho kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Vijana aliowafundisha kupiga saluti sasa ndio aliowapigia yeye. Alikuwa mpole, mtu wa "haya basi". Kuku wa kitoweo aliitiwa jirani aje kumchinja. Mabinti zao walikuwa wameolewa mbali, wakabaki wawili, nyumba ikawa na utulivu wa kusikia saa ya ukutani.

Jumapili moja kaka mdogo wa Mama Kitana, Mwalimu, alikuja kula chakula cha mchana. Alifundisha historia sekondari, na alikuwa kwenye chama cha watu wanaopinga kunyonga. Hata sahani hazijajaa, mjadala ukaanza.

"Dada, mtu huyo ni uchafu, sikatai," alisema Mwalimu. "Lakini uchafu haufuliwi kwa maji machafu."

"Maji machafu usinitajie," dada yake akamkata. "Uliyanywa wewe?"

Mwalimu akainamisha kichwa kidogo. "Samahani. Nasema tu, tukimuua, tumepata nini?"

"Tumepata kwamba hayupo. Angekuwa binti yako je?"

"Angekuwa binti yangu ningemchana vipandevipande kwa mikono hii. Ndiyo maana baba wa marehemu hachaguliwi kuwa hakimu."

"Maneno ya vitabu hayo. Simba akishaonja mtu hapewi semina."

Kwa kawaida Sajini alikula kimya wakibishana, akipitisha bakuli. Siku hiyo aliweka kijiko chini. Alikuwa akimtazama shemeji yake, si usoni, bali chini kidogo ya kidevu.

"Shemeji," akasema, "wewe una kilo ngapi?"

"Mimi? Sijapima. Themanini, labda. Kwa nini?"

"Shingo yako fupi," Sajini akasema kwa upole, kama fundi anayetazama mlango. "Mtu wa aina yako inabidi afikiriwe." Kisha akaongeza mboga.

Walicheka, wakadhani ni utani. Mama Kitana alicheka pia, lakini kicheko chake kilifika nusu kikasimama. Aliikumbuka wiki nzima iliyopita: mumewe akiwa mlangoni pa saluni akitazama wateja wanavyoinamishwa vichwa, mumewe akipiga mluzi, yeye asiyepiga mluzi tangu aoe, mumewe akitembea kifua mbele. Alikuwa amefurahi kumwona hivyo. Alidhani labda cheo kinakuja.

Jumatatu akakosa kopo la mafuta ya mgando pale saluni, lile kubwa alilowapakia wateja kabla ya kuwasuka. Alipofika nyumbani alilikuta kwenye mfuko wa kazi wa Sajini, limechimbwa kwa vidole hadi katikati.

"Baba, haya mafuta yangu unapeleka wapi?"

Sajini alikuwa anapiga pasi sare yake. "Ningekununulia jingine. Ni ya kulainishia."

"Kulainishia nini?"

"Kamba."

"Kamba gani?"

Akaisimamisha pasi. Akamgeukia mkewe na tabasamu ambalo Mama Kitana hakuwahi kuliona, la mtoto aliyeshika namba moja darasani. "Kamba mpya inakwaruza, haitelezi vizuri. Inatakiwa ipakwe, ivutwe na gunia la mchanga, ipakwe tena. Wao walikuwa hawajui. Mimi nimesoma." Akasubiri. "Si mlikuwa mnamtafuta mnyongaji? Basi ndiye mimi."

Mama Kitana alikaa kitandani. Aliangalia kopo. Ndani kulikuwa na nyuzinyuzi za katani zimenasa kwenye mafuta, pamoja na unywele mmoja mfupi, wa mmojawapo wa wateja wake.

"Walikulazimisha?"

"Walitaka wa kujitolea. Wote wakaangalia viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono."

"Kwa ajili ya posho?"

"Wala." Aliumia kwa swali hilo. "Miaka yote hii gerezani mimi nafungua mlango, nafunga mlango. Sasa mkuu wa gereza ananiita ofisini, ananiambia kaa. Ananiuliza mimi: Sajini, hili tulifanyeje? Unajua ilivyo, mtu kuulizwa?"

"Lakini kwa nini wewe? Mume wangu mimi!"

"Ulitaka awe mume wa nani?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. "Kila siku nasikia: anyongwe, anyongwe. Anyongwe na nani, mke wangu? Hajinyongi. Mama Mkaa atakuja kumnyonga?"

Akamwekea mkono begani, kumtuliza. Mama Kitana akajikuta amesimama upande wa pili wa chumba bila kukumbuka kuinuka. Alikwenda bafuni, akanawa bega lile na shingo na mikono, akanawa tena. Alipojitazama kwenye kioo akatafuta moyoni kama bado anataka Fundi Bomba afe. Alitaka. Alitaka vilevile kama jana. Kilichomtia kinyaa ni kwamba sasa kule kutaka kwake kulikuwa na miguu na suruali ya kaki, na kulikuwa kunapiga mluzi chumbani.

Hakumwambia mtu. Siku ya kunyonga ilipofika Sajini aliondoka alfajiri amenyoa ndevu na kujipaka manukato. Mama Kitana alifungua saluni kama kawaida, kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa kubaya zaidi. Wanawake walijaa hata wasio na nywele za kusuka. Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Karani redio ilipokata muziki. Tangazo lilikuwa fupi: hukumu imetekelezwa, hakuna tatizo lililojitokeza.

Mama Mkaa alipiga goti sakafuni akashukuru. Mwingine akacheza. Karani, yule msomi, alipiga makofi na kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. "Msusi, mbona huongei leo? Umemwonea huruma?"

"Naumwa tumbo," Mama Kitana akajibu, na wala hakusema uongo.

Sajini alirudi mchana, na njaa. Alikula sahani nzima akaomba nyingine. Alinuka mafuta ya mgando, harufu ileile ya limau iliyokuwa kwenye vichwa vya wateja wake wote. Akiwa anatafuna alianza kusimulia. Hakuulizwa. Alisimulia jinsi yule mtu alivyogoma kutembea ikabidi abebwe, jinsi alivyojiharibia suruali, jinsi daktari alivyokuwa akipiga miayo na mkuu wa gereza akitazama saa kwa kuwa ana kikao. "Kisha tukapewa chai na keki," alisema. "Keki nzuri kweli. Nilitaka kukuletea kipande."

Mama Kitana aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika mpaka ukabaki uchungu mtupu. Alipokuwa ameinama pale alimsikia mumewe akimwita kwa sauti ya wasiwasi wa kweli: "Mama, una nini? Nikuletee maji?"

Siri haikukaa. Aliyeitoa ni Sajini mwenyewe. Kwenye baa waliposikia walimnunulia bia, wakambeba juujuu, wakataka awaonyeshe fundo. Kwa siku chache alikuwa mfalme. Kisha likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Wale wale waliombeba wakaanza kukaa meza ya mbali. Wakimkuta njiani walimpigia kelele ya salamu kutoka ng'ambo: "Kamanda!" Hakuna aliyevuka.

Saluni nayo ikaanza kupungua watu. Walikuja kuchungulia, hawakukaa. Mama Mkaa, mteja tangu saluni inafunguliwa, alisimama mlangoni akijikuna kichwa kilichofumuka.

"Karibu, kiti hiki hapa," Mama Kitana akamwambia.

"Nitarudi kesho, shoga."

"Jana ulisema kesho."

Mama Mkaa akababaika. Hakuwa mwanamke mbaya, na uongo haukumkaa vizuri. "Usinielewe vibaya. Sajini amefanya kazi nzuri, Mungu amlipe. Ila mikono yake ile... nanyi mnalala kitanda kimoja. Halafu wewe unishike kichwa. Nasisimka mwili, basi tu."

"Uliomba Mungu ampe maisha marefu."

"Na ampe! Ila ayaishie mbali."

Mama Kitana alimtazama akienda zake. Kumbe nyama wanaipenda, mchinjaji ndiye hawamtaki. Angemtukana, lakini angemtukana vipi, naye usiku analala ukingoni mwa kitanda, blanketi limekunjwa katikati kama ukuta?

Mwalimu alipopata habari alikuja mbio. Alimkumbatia dada yake vizuri, akampa pole. Kabla chai haijapoa akatoa lake: chama chao kina mkutano mkubwa, waandishi watakuwepo, na kama dada angekubali kusimama na kusema hata dakika tano, mke wa mnyongaji mwenyewe, hebu fikiria, jambo hilo litatikisa nchi.

"Hata wewe," dada yake akasema.

"Hata mimi nini?"

"Wale wanakula nyama, wewe unakuja na sufuria kuomba mchuzi. Maliza chai yako."

Mgeni mmoja tu alikuja nyumbani kwao bila kuitwa. Alikuwa Mshonaji. Alifika alasiri, amejifunga vizuri, na mkononi alikuwa na shati la kiume alilolishona mwenyewe, kitambaa cha gharama, kola imenyooka. Akampa Sajini kwa mikono miwili, akamshika mkono wake, akaupeleka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akaubakisha pale. Ndiye pekee katika mtaa mzima aliyemgusa.

"Niambie," alisema alipokaa. "Yote. Usinifiche."

Sajini alimwambia. Uso wake ulirudi kung'aa kama siku ya kopo. Alisimulia vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa amezoea. Alichukua mto wa kochi kuwa mtu na mkono wa lile shati jipya kuwa kamba, akaonyesha fundo linakaa wapi, chini ya sikio, na kwa nini. Akaigiza sauti ya yule mtu akimlilia mama yake. Aliigiza vizuri.

Mshonaji alicheka. Alicheka na machozi yakimtoka, akijipiga paja, akisema, "Rudia hapo. Rudia alivyolia." Sajini akarudia. Mama Kitana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya vikombe, akiwatazama wote wawili, mama aliyempenda na mume aliyempenda, vinywa wazi, na mto ukining'inia katikati yao. Alihisi kama yupo ndani ya nyumba ambayo tangi lake limeshaanza kunuka na ni yeye peke yake anayesikia harufu.

"Na huyo mama yake?" Mshonaji akauliza, akijifuta macho. "Anaye mama kweli?"

"Anaye. Bibi kizee. Alikuwa langoni tangu asubuhi. Alidhani atapewa mwili. Nikamweleza mwenyewe, mwili hautolewi, unazikwa humohumo. Nikampa viatu."

"Viatu?"

"Vya mwanawe. Ndivyo vilivyobaki."

Mshonaji hakucheka tena. Alikaa ametazama sakafu, na vidole vyake vikaanza kukunja pindo la kanga yake, kukunja na kukunjua.

"Akavifanyaje?"

"Nani?"

"Yule mama. Viatu akavifanyaje?"

Sajini akafikiri. "Akavipangusa," alisema. "Akavikumbatia, akaondoka navyo."

"Mimi polisi walinipa ndala," Mshonaji akasema. Aliinuka. Akalichukua shati kwenye mto, akalikung'uta, akalikunja. "Halijaisha hili. Vifungo sikuvikaza." Wala hakunywa chai. Shati halikurudi, na Sajini, kwa siku nyingi baadaye, alikuwa akiuliza kama Mshonaji ameshapata nafasi ya kuvikaza vile vifungo.

Asubuhi iliyofuata ziara ya Mshonaji, wakinywa uji, Mama Kitana alimwomba mumewe amwambie mkuu wa gereza kwamba mara moja imetosha.

"Haiwezekani," Sajini akasema. "Wapo wengine wanangoja. Na mimi ndiye ninayejua."

"Unataka?"

"Nikikaa bure nawaza," alisema. "Nikiwa na kazi siwazi."

Mama Kitana akafunga virago vyake akaenda kwa Mwalimu, kwa masharti kwamba mkutano usitajwe ndani ya nyumba ile.

Baada ya mwezi hivi Sajini alikuja kumfuata, kama ilivyo ada, akiwa na mjomba wake, mzee aliyesuluhisha ndoa za ukoo mzima. Walikaa sebuleni kwa Mwalimu. Mjomba alikohoa, akaanza.

"Mwanangu, huyu bwana amekupiga?"

"Hapana, Mjomba."

"Amekunyima chakula? Ana mwanamke nje?"

"Hapana."

"Sasa kosa lake nini? Kutii serikali? Yule mtu si ulitaka anyongwe mwenyewe?"

"Nilitaka. Mpaka leo siwezi kusema kwamba sikutaka."

"Basi?"

"Nachefuka, Mjomba. Nikimwona nachefuka. Na nikijiona nachefuka."

"Kichefuchefu hakivunji ndoa. Kina dawa yake duka la dawa."

Mwalimu alifungua mdomo, dada yake akamkata jicho, akaufunga. Sajini alikuwa amekaa ameweka mikono magotini, amekonda, kola imemlegea. Hakujitetea. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa kubwa, na kwamba saa ya ukutani imesimama na hajui betri zinakaa upande gani.

Mjomba alizungumza sana juu ya subira na juu ya wajibu. Alimsifu mpwa wake kwa ujasiri, akasema ukoo unajivunia, akasema nchi isiyo na watu wa namna hii itaoza. Alizungumza vizuri kiasi kwamba Mama Kitana alianza kujiona mtoto. Mwishowe akaahirisha kikao mpaka mwezi ujao, akainuka kuaga. Akampa mkono Mwalimu. Akampa mkono Mama Kitana, akautikisa kwa upendo. Sajini, aliyekuwa anabaki kidogo kuzungumza na mkewe, naye akanyoosha wake.

Mzee akaanza kujipapasa mifuko. Akatafuta miwani iliyokuwa usoni pake. "Haya, haya," alisema, "tutaonana," akatoka nje upesi kuliko umri wake.

Mkono wa Sajini ulibaki pale hewani. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie. Kisha akamtazama mkewe.

Mama Kitana alimwona. Ilikuwa hatua mbili tu kumfikia. Moyo ulimwuma, ukamsukuma hata mguu ukataka kwenda, na papo hapo koo likakaza na mate ya chumvi yakamjaa mdomoni.

"Betri zinaingia nyuma," alisema. "Upande wa kushoto. Ukisukuma kifuniko kinatoka."

Sajini akaitikia kwa kichwa. Akaurudisha mkono mfukoni, akavaa kofia yake, akaenda kumfuata mjomba wake, ambaye alikuwa ameshafika mbali.